Siku ya Kurudi Haisemwi

Moroni, Komoro
5 Juni 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepunguza kukusumbua. Mama naye mpe shikamoo yake. Sisi wazima, mikono tu imechubuka kwa kamba.

Ile mashua ya tanga ambayo mume wangu Denis ameikarabati miaka minne imetutoa Unguja hadi hapa bila kuvuja. Tarehe 10 tunaondoka kwenda Mahé, Shelisheli, sisi wawili tu. Injini ni ya kuingilia bandarini. Njia nzima ni upepo. Denis amepiga hesabu, ni siku tisa. Tarehe 19 tutakuwa nchi kavu na nitakuandikia siku hiyohiyo kwenye simu ya Fabiani wa dukani. Katikati hakuna mtandao.

Mwanao,
Gaudensia

Kasokola, Mpanda
8 Juni 2025

Binti yangu,

Marahaba. Kifua kipo, kinakohoa kwa adabu. Mama yako Kasilda mzima, anauliza kama kwenye mashua kuna choo. Yeye anauliza kwa wasiwasi, mimi kwa udaku.

Fabiani aliichapa barua yako dukani kwake mjini, nikaisoma kwa elimu yangu ya darasa la nne, nikairudia mara tatu, wala si kwa ugumu wa maneno. Gaudensia, umetaja siku. Wewe mtoto wa mrina asali. Umeniona naingia porini kwenye mizinga wiki mbili, wiki tatu. Ulishasikia nimesema narudi Jumanne? Nyumbani kwetu anayekwenda hasemi siku ya kurudi, ili anayebaki asihesabu. Alime, apike, agombane na jirani. Sasa wewe umeniachia tarehe kama mwiba kisiginoni. Mama yako nimemwambia hamjui mtafika lini. Nitahesabu peke yangu.

Mkwe mwambie huku Katavi ardhi bado ipo nyingi, haikuwa lazima. Padri nimemwomba awaombee, akauliza kama nyie wawili mmebatizwa. Nikamwambia kwa sasa mnabatizwa kila dakika. Hakucheka.

Baba yako,
Ambrosi

Kasokola
24 Juni 2025

Binti yangu,

Salamu nakudai. Nitakusalimu ukijibu.

Leo siku ya tano tangu tarehe yako ipite. Barua niliyokutumia tarehe 20, Fabiani anasema kwenye simu ina alama moja. Ikikufikia zitakuwa mbili. Kila siku napanda baiskeli kwenda mjini kuangalia alama. Mama yako anadhani nimepata mwanamke huko. Nimemwacha adhani, ni nafuu kwake.

Juzi nilipanda basi mpaka Karema, Ziwa Tanganyika. Miaka sabini na moja nakula migebuka, samaki wa ziwa lile, sijawahi kwenda kuyaona maji yake. Nikavua viatu nikaingia mpaka magotini, nikaonja. Nikamuuliza mvuvi, ile milima ng'ambo ni ya nani? Akasema, "Mzee, ile Kongo." Kumbe maji makubwa namna hii bado yana ng'ambo. Yako hayana. Mvuvi akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia kandambili.

Nilikufundisha kupanda miti ya mizinga, Kasokola nzima wakacheka kwamba namfanya binti mrina. Kuogelea sikukufundisha. Hilo ndilo ninalorudi nalo nyumbani kila jioni.

Baba yako

Mahé, Shelisheli
30 Juni 2025

Baba,

Shikamoo, na samahani. Tumefika jana, wazima wote wawili. Barua zako zimeingia kwa pamoja. Alama sasa ni mbili.

Siku ya sita waya unaoshikilia mlingoti ulikatika kule juu. Tukashusha tanga kwa haraka, Denis akateguka bega. Mlingoti ukawa unayumba, na ungevunjika tusingefika popote. Nikapanda mimi. Nilipanda ulivyonifundisha: kamba kiunoni, macho kwenye mti, huangalii chini mpaka umejifunga. Nikakaza kamba mpya kwa fundo lako la kuning'inizia mzinga. Ndipo nikaangalia.

Baba, hakukuwa na kitu. Maji, duara zima, na sisi katikati. Mashua chini ilionekana kama mzinga ulioanguka. Nyangumi akaja, akapita chini yetu taratibu, anapita, bado anapita, kama treni ya mizigo ya Mpanda. Akatoa pumzi, nikaisikia kifuani. Nilisahau kuogopa, nikasahau hata nilichopandia. Denis aliniita mara ngapi sijui.

Baada ya hapo tulitumia tanga dogo tu, mwendo wa mtu kutembea. Siku kumi na tisa. Fundo halikulegea.

Matengenezo yakiisha tunakuja Kasokola. Siku sikutajii.

Mwanao,
Gaudensia

Kasokola
2 Julai 2025

Binti yangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya ile salamu niliyokudai.

Nimemsomea mama yako, pale pa mlingoti nikaruka. Akasema, "Rudi ulipoparuka." Nikasoma. Akaniambia tarehe 19 aliijua tangu mwanzo, alimuuliza Fabiani. Alininyamazia ili nisijue kwamba naye anahesabu. Kumbe tulihesabu wawili, kila mtu upande wake wa kitanda. Habari ya mwanamke wa mjini hakuiamini hata siku moja. Anasema nani angenitaka.

Jana nilikwenda stesheni. Treni ya mizigo ilipita, nikasimama mpaka behewa la mwisho nikijaribu kuitia uhai treni hiyo kichwani na kuiweka chini ya mashua yenu. Nikajikuta nimevua kofia. Watu wakauliza nani amekufa.

Mwambie mkwe bega alikande kwa maji ya moto. Hamjataja siku, vizuri. Sisi hatuhesabu. Njia ya kutoka barabarani mpaka mlangoni nimeifagia leo kwa sababu ilikuwa na majani. Kesho nitaifagia tena.

Baba yako,
Ambrosi