Shoga Yangu Alinichagulia Mkahawa, Wakwe Wakaondoka na Njaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijamfukuza mtu saluni kwangu akiwa amesukwa upande mmoja, maana nimevumilia na sasa naona nitapasuka. Mimi ni msusi, na miongoni mwa wateja wangu yuko karani mmoja wa benki ambaye ndiye shoga yangu mkubwa, pale saluni sote tunamwita Mama Ladha kwa sababu hakuna mkahawa mjini asioujua, akishakaa kwenye kiti changu kazi yake ni kusifia tu, pale supu nzito, kule wahudumu wana adabu, na watu wananyamaza kumsikiliza hata mashine ya kukaushia nywele naizima.

Sasa mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, akirudi starehe yetu ni moja, tunavaa tunapendeza tunakwenda kula nje, na mimi ndiye wa kuchagua, basi nikamwuliza Mama Ladha akanielekeza mkahawa wa ghorofani, tukaenda, kuku alikuwa mgumu mpaka mume wangu akauliza kama amestaafu au bado yuko kazini, na mhudumu alitupepea nzi kwa menyu. Kesho yake Mama Ladha akaniuliza vipi, mbele ya wateja, na mimi sikutaka kuonekana mshamba nisiyejua vya watu, nikasema shoga, tulijilamba vidole. Safari iliyofuata akanielekeza kwingine, huko muziki ulikuwa mkubwa tukawa tunazungumza kwa ishara na wali ulikuja umepoa, nikarudi nikasifia tena, nikamwelekeza na jirani yangu aende, na jirani akarudi akasifia vilevile.

Haya yote ningeyameza. Lakini mdogo wangu wa kiume ana mchumba, wazazi wa binti wakaja kututembelea, na kwa kuwa wazazi wetu wametangulia na mimi ndiye dada mkubwa, nikasema hawa siwapikii, nawatoa wakale mahali pa heshima, wajue binti yao anakuja kwa watu. Mama Ladha akaniambia nenda ule mkahawa mpya karibu na gereji, utanikumbuka. Mshauri, nitamkumbuka. Harufu ya samaki ilitangulia, sahani ikafuata, baba wa binti akaweka uma chini taratibu akaomba chai, chai nayo ikaja inanuka kitunguu, na mama wa binti akanigeukia kwa upole wote akaniuliza, "Hapa ndipo mnapokula siku zote?" Nikaomba bili. Waliondoka na njaa, kikao cha kupanga harusi wamekiahirisha, wanasema watatuarifu, na mdogo wangu simu zangu hapokei.

Kumbe makubwa yalikuwa mbele. Wiki jana mume wangu amerudi, hataki kusikia habari za kuelekezwa na mtu, mvua ikatubana njiani tukajitupa kwenye kijimkahawa nyuma ya duka la dawa, hakina hata kibao mlangoni, lakini meza safi, chakula cha moto, mboga imepikwa na mtu asiye na haraka, mume wangu akala kimya kama anasali. Nainua macho, pale kona namwona Mama Ladha na mumewe na watoto, wanaletewa sahani bila kuagiza. Nikamfuata. Akajifuta mdomo akasema, "Aa, hapa ni pa kawaida tu, mpenzi, wewe usingepapenda."

Mshauri, tumbo lilishiba lakini moyo unawaka. Keshokutwa anakuja kusuka. Nimwumbue mbele ya wateja, au nivunje urafiki kimyakimya?

Msusi Mwenye Uchungu

MSHAURI ANAJIBU

Pole, msusi. Pole kwa kuku, pole kwa samaki, na pole zaidi kwa swali la yule mama, maana hilo hata mimi limenichoma nikiwa nimekaa zangu ofisini. Sasa pole zimekwisha.

Ulitafuna kuku aliyestaafu ukasema ulijilamba vidole. Ulikula wali baridi ukausifia. Ulitaka Mama Ladha ajue vipi kwamba unateseka? Na jirani ulimtuma huku ukijua, ili usiwe mjinga peke yako, naye akarudi akasifia kwa sababu hiyohiyo. Mtaa mzima matumbo yanaunguruma na midomo inasifu, na wenye mikahawa hiyo wanadhani wanajua kupika.

Simtetei shoga yako. Amekificha kile kijimkahawa kwa sababu anajua saluni yako ikikisikia, yeye atakosa meza. Huo ni uchoyo. Tena ile "usingepapenda" ilimtoka haraka mno. Rafiki mwenye nia njema angekuvutia kiti. Lakini ukimwumbua mbele ya watu waliokusikia ukimwitikia, utajiumbua wewe kwanza.

Mfuate mdogo wako nyumbani kwake leo, usingoje apokee simu. Mwambie uliwapeleka wageni wake mahali usipopajua kwa kutaka kujionyesha, umwombe radhi, na Mama Ladha usimtaje hata kidogo, maana uma na kisu uliwashikisha wewe. Kisha wapigie wazazi wa binti mwenyewe. Waambie siku ile mlikula vibaya, kosa ni lako, unaomba wakupe nafasi nyingine. Watu walioinywa chai ya kitunguu bila kukununia wana ubinadamu wa kutosha kukusikiliza. Wapikie nyumbani. Kama mkono wako unajua nywele tu na haujui sufuria, wapeleke nyuma ya duka la dawa, na uende mapema ukashike meza.

Mama Ladha akija, msuke vizuri, usimvute nywele. Akianza kusifia mkahawa mwingine, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba samaki wa gereji alinuka, kuku wa ghorofani alikuwa mgumu, na wewe ulimdanganya. Halafu endelea kusuka. Utashangaa ni wangapi humo ndani watashusha pumzi. Akinuna, ni haki yake, na nywele atakuwa amepata.

Na kuanzia sasa usimwulize rafiki mahali pazuri pa kula, maana hapo kila mtu hukujibu kwa maringo. Mwulize mara ya mwisho alimpeleka wapi mama yake mzazi. Akibabaika, washa jiko lako.