Kikombe Nilichokiweka Chini

Salt, Jumamosi

Kwa dada yangu Rudayna,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Akaba, na kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo, mama analalamikia magoti na baba anamlalamikia mama.

Dada, mwezi uliopita nilimvunja jino rafiki yangu Qutaiba. Nilitoa siri yake darasani, akaniita domokaya, mkono ukatangulia akili. Mwalimu wa ushauri aliniambia kwamba akili ninayo, ila breki sina, na nisipojifunza kujizuia nitabaki bila rafiki. Akanifunza kuhesabu siku za wiki kinyumenyume kabla ya kujibu lolote. Niliona ni mambo ya chekechea, lakini nikashika.

Jana wazee wetu walinipeleka kwa kina Qutaiba kuomba suluhu. Baba mkubwa akapewa kahawa, akaiweka chini bila kuionja, kama ilivyo ada, mpaka ombi letu likubaliwe. Mimi nilitakiwa kukaa kimya tu. Qutaiba akaniinamia, akanong'ona, "Vipi, domokaya, leo ulimi umeuacha kwa fundi?"

Damu ilinichemka. Ijumaa, Alhamisi, Jumatano. Nilifika Jumamosi, nikaanza upya. Mwishowe nikamwambia, "Una haki ya kusema hivyo. Nilikukosea."

Akamgeukia babu yake, akamwomba atukubalie. Baba mkubwa akanywa kahawa yake, imeshapoa.

Sasa lile linalonikosesha raha. Miaka miwili iliyopita, kina Suhaib walipokuja kukuposa, waliondoka ghafla bila kutoa sababu, kahawa haijaguswa. Ulimlaumu shangazi Widad kwamba ndiye aliyekusengenya, na mpaka leo humsemeshi. Si yeye, dada. Ni mimi. Nilikuwa uani na mdogo wake Suhaib, nikamwambia, kwa kutaka kumchekesha tu, jinsi ulivyokuwa ukimwigiza mama yao anavyotembea. Akakimbilia ndani kuwaambia. Shangazi alipobebeshwa lawama, nilinyamaza. Kunyamaza kule hakukuwa kujizuia. Niliogopa.

Ijumaa ijayo nakwenda kwa shangazi kumwambia mwenyewe, hata akinifukuza. Nimeamua.

Wasalimie wote hapo nyumbani kwako. Usinijibu kwa hasira. Hesabu siku kwanza, hata mara mbili. Kikombe changu nimekiweka chini mbele yako, na sikigusi mpaka uniambie umenisamehe.

Mdogo wako,
Ayham