Njegere za Baba Tumaini

Jumatatu, 9 Juni

Kuku tena. Wametoboa chandarua upande wa choo, wamechakura tuta la njegere mpaka mizizi imeonekana. Nimefukia, nimesimamisha miche kwa vijiti vya mkorosho, nimeshona chandarua kwa kamba ya katani. Wakirudi nachinja mmoja. Wa nani, sijali.

Maji hakuna. Hapa Newala bomba likitoka ni habari ya mtaa mzima. Namwogesha mume wangu, Baba Tumaini, ndani ya beseni, sabuni kidogo tu, maji yale nayapeleka kwenye njegere. Ananicheka. Anasema zitakuwa na ladha ya mzee.

Jumamosi, 14 Juni

Uji vijiko viwili, akatema. Toka turudi kutoka Masasi, hospitali waliposema tukamtunze nyumbani, yeye na chakula ni ugomvi. Kitu kimoja tu anataka. Njegere mbichi, kama alizokuwa anakula Njombe akiwa mwalimu kijana, kabla hajanioa. Miaka yote ya ndoa nimezisikia hizo njegere mpaka nimezichoka. Za sokoni zinafika zimenyauka. Anasema hizo sizo.

Ndiyo maana nimepanda. Mungu amwache mpaka zibebe. Sina ombi lingine.

Alhamisi, 19 Juni

Maua. Meupe, machache. Nimemtoa nje kwenye mkeka ayaone. Alilia. Nikaenda jikoni nami nikalia huko. Baridi kali, nikamrudisha ndani.

Jumanne, 24 Juni

Nilikwenda kufuata dawa zake, nikamwacha mgonjwa na Mama Rehema, jirani yangu. Narudi, tuta limenyolewa. Ncha zote, maua, vitumba, majani machanga. Amechuma kama tunavyochuma kunde.

Na anajisifu kabisa. Kanipunguzia kazi, anasema, na kunde ukizichuma ndiyo zinachipua vizuri. Kunde! Njegere hajawahi kuziona shambani, wala hakuna aliyewahi hapa kwetu. Mboga ameshaipika, kwa karanga.

Sikupiga kelele. Nilimwambia tu kwamba maua yale ndiyo yangezaa njegere za mgonjwa, kisha aende kwake. Alipojua alichofanya alisimama mlangoni, nikamfungia mlango. Namchukia leo. Naandika hivyo hivyo.

Jumatano, 25 Juni

Jana sikuandika lililofuata. Uchungu.

Ile mboga nilitaka kuimwaga. Baba Tumaini akasikia harufu, akaomba aonje. Nikamlisha huku roho inaniuma. Alikula. Akala tena, na ugali, akafuta bakuli kwa kidole. Hajala hivyo toka Pasaka.

Akasema, "Mama Tumaini, ndizo hizi."

Nikamwambia ni majani tu, njegere zenyewe zimekufa. Akasema anajua, yeye si mtoto, lakini ladha ni ile ile. Akaniomba nimpelekee Mama Rehema shukrani zake. Sikwenda.

Leo ameuliza kama imebaki. Haijabaki.

Jumatano, 2 Julai

Baba Tumaini ametutoka Jumapili alfajiri. Juzi tumezika. Kanisa lilijaa, wanafunzi wake wa zamani wametoka mbali, hata Chidya.

Mama Rehema amekuwa jikoni kwangu toka siku ya kwanza. Anapika, anaosha masufuria, macho chini. Hatujasemeshana. Sina nguvu ya kugombana wala ya kupatana. Nimechoka mwili mzima.

Jumapili, 6 Julai

Wageni wameondoka. Tumaini naye amerudi kazini. Nimepika ugali wa watu wawili kwa mazoea. Nikaula wote, nikaumwa tumbo.

Jumanne, 22 Julai

Mashina mawili ya njegere yamechipua tena kutoka chini. Sikuyamwagilia mimi, ni umande tu. Yamebeba maganda, hayajai hata kiganja.

Nimekwenda kwa Mama Rehema. Nimemfikishia zile shukrani, kwa maneno ya marehemu kama alivyoyasema. Amelia sana. Nimemwambia twende kwangu.

Tumemenya pamoja, tukachemsha kwa chumvi, tukala kwenye kibakuli kimoja. Mara yangu ya kwanza kuzionja. Ni tamu. Zinakaribia mahindi machanga, ila laini zaidi. Kumbe ndicho alichokuwa anasema miaka yote hiyo, nami namwitikia tu huku nafagia.

Niliinuka nikamwambie Baba Tumaini. Nikafika mlango wa chumba chake.

Mama Rehema akaniuliza nafuata nini. Nikasema chumvi.