Nahodha wa Maureen

Peggy, leo umekosa! Winifred kaumbuka mbele ya kikundi chetu kizima cha kutafuta nasaba, hapa maktaba ya Hull.

Si unajua wivu unavyomtafuna kwa yule nahodha William Harker, babu mkuu wa Maureen? Wiki tatu kachimbua daftari za kanisa kumtafutia dosari.

Leo kasimama, shingo juu: "Maureen mpenzi, huyo William unayemwita nahodha alizikwa akiwa kichanga cha wiki nane."

Wiki nane, Peggy! Maureen akanywea. "Basi mimi nimetoka kwa nani?"

Mtunza daftari akapekua. Kumbe babu yake ni William Harker mwingine wa mtaa uleule, mvuvi mlevi aliyemtoroka mkewe akaoa mwingine ng'ambo ya mto, na huyo wa pili ndiye bibi mkuu wa Maureen. Winifred alicheka mpaka machozi.

Kisha likasomwa jina la mke aliyetorokwa: Hannah Stubbs. Bibi mkuu wa Winifred! Yule ambaye kwao husema mumewe alizama baharini!

Maureen kamrukia shingoni: "Kumbe wewe ni ndugu yangu!"

Unadhani wivu umeisha? Mlangoni Winifred kaninong'oneza, "Edna, kwa nini yeye atoke kwa mke aliyependwa?"

Uke wenza wa miaka mia na thelathini, mwenzangu. Kaurithi leo.