Mama Hataki Kutubu kwa Kumwombea Mwanawe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa nimechoka kulilia jikoni na kutoka nimenawa uso kama mtu aliyekuwa anakata vitunguu, maana nyumba yetu ina imani moja na Biblia moja mezani, na bado sisi watu wazima watatu tunaoishi humu hatuwezi kuomba pamoja bila mmoja wetu kuumia.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapo hapo sebuleni, mume wangu ni mzee wa kanisa, na chumba cha nyuma amelala mama yangu mzazi, ambaye moyo wake umechoka, na daktari ametuambia kwa upole turudi naye nyumbani tumtunze, nawe unajua daktari akisema hivyo ana maana gani. Mama alifundisha watoto shule ya Jumapili tangu mimi sijazaliwa, wazazi wengi wa usharika wetu walijifunza kuomba kwake, mpaka alipofariki kaka yangu. Kaka alikuwa fundi magari, aliishi na mwanamke bila ndoa, kanisa likamtenga, naye akasusa hata kupita njia ile, kisha homa ikamchukua ghafla. Baraza la wazee likasema aliyetengwa hazikwi na kanisa, mchungaji wa wakati ule hakuja, tukafika makaburini jeneza likashushwa na hakuna wa kusema neno, watu wanatazama viatu vyao. Ndipo mama akafungua Biblia yake, akasoma, akaanza kuomba kwa sauti, mpaka kilio kikamshinda na wanawake wenzake wakamshika.

Baraza likamwita, likamwambia amejitwalia kazi ya mchungaji, asimame mbele ya usharika aseme amekosa, ndipo atakaporudi kwenye meza ya Bwana. Mama akajibu, "Makosa ninayo mengi, nitayataja yote mkitaka, lakini kumwombea mwanangu si mojawapo." Tangu hapo alikwenda ibadani kama kawaida, akaimba kama kawaida, na sinia la mkate likifika kwake anainamisha kichwa, linampita.

Mume wangu si mtu mbaya, mshauri, usije ukamsoma vibaya. Kila asubuhi anamnyanyua mama mikononi na kumweka kwenye kiti mlangoni apate jua, na mama humtania, "Leo mimi nimepungua, au wewe umeanza kula vizuri?" wakacheka wote wawili. Lakini Jumapili za meza ya Bwana hufuatana na mchungaji kuwapelekea wagonjwa mkate majumbani, kisha hurudi na kupita mlango wa mama bila kusimama. Juzi mama alimuuliza, "Baba, wagonjwa wenzangu hawajambo?" Akajibu, "Hawajambo, Mama," akaenda kukaa uani peke yake.

Nilimfuata nikamwambia, "Nionyeshe kwenye Maandiko mahali Bwana alipomnyima mkate mama aliyefiwa." Akaniambia, "Bwana huyo huyo ndiye aliyelikabidhi kanisa mamlaka ya kufunga na kufungua. Kila mtu akijisomea na kujiamulia, tutakuwa na kanisa kila jikoni." Nikamwambia kwamba yule mhalifu aliyesulubiwa pembeni ya Bwana hakupitishwa kwenye baraza lolote. Kisha nikamwita mnafiki.

Sasa mama ameniambia, "Nipe wewe, mwanangu. Mkate upo, na Bwana yupo." Nikanunua maji ya zabibu nikayaficha nyuma ya vitambaa, mume wangu akayaona alipokuwa anatafuta mkasi. Hakukasirika. Alisema tu, "Ukimpa, sitaweza kukaa kwenye baraza nikiwaangalia wenzangu usoni. Nitajiuzulu." Nikaogopa, nikaenda kumbembeleza mama aseme hilo neno moja tu, nimekosa, alisemee mdomoni, moyoni abaki na lake. Akanitazama, akaniuliza taratibu, "Unataka nimdanganye Mungu ili nile mkate wake?" Sijawahi kuona aibu namna ile. Mshauri, nimtii nani? Kanisa lililonilea, Maandiko ninayoyasoma, mume wangu, au mama yangu ambaye kila siku anapungua?

Ni mimi, fundi wa sare.

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako niliisoma nimesimama, na sikuweza kukaa mpaka nilipokupigia simu, kwa sababu mgonjwa hasubiri gazeti. Haya niliyokuambia kwa simu nayaandika hapa kwa ruhusa yako, maana najua hauko peke yako.

Pole sana. Pole kwa kaka yako, pole kwa mama, na pole kwa mwanamume huyo anayekwenda kukaa uani peke yake. Nimekupa pole, sasa nikugombeze kidogo.

Ulikosea kumwomba mama yako aseme uongo. Ulijua hivyo alipokutazama, basi sitaongeza. Ulikosea pia kuficha chupa. Mkate huo hauliwi kwa kujificha kama sigara ya mwanafunzi. Mama alipoomba kaburini aliomba mbele ya kila mtu, usimpe sasa mkate kwa siri kana kwamba ni kitu cha kuonea haya. Na mumeo si mnafiki. Mnafiki haendi kukaa uani, angekula akalala. Kamwombe radhi leo, kabla hujashona hata kola moja.

Lakini mumeo naye ana la kujibu, na ninaandika hili alisome. Baba, hofu yako ya kanisa kila jikoni naielewa. Nimeona watu wakijisomea mstari mmoja na kuvunja nyumba kwa mstari huo huo. Lakini mamlaka ya baraza lenu mmeyapata wapi, kama si kwenye Maandiko hayo hayo? Basi Maandiko yakiliuliza baraza swali, si uasi. Baraza lijibu. Umekaa kwenye kiti hicho muda wote huu. Ni lini ulisimama ukasema, jambo la mama mkwe wangu tulitazame upya? Hujawahi. Umelitii baraza kwa kunyamaza, na kunyamaza si sehemu ya kazi uliyopewa.

Kwa hiyo, binti yangu, fanya hivi. Mwambie mumeo alipeleke jambo hili barazani wiki hii, kwa mdomo wake. Mchungaji mliye naye sasa hakuwepo wakati ule. Aje aketi kitandani pa mama, amsikilize yeye mwenyewe, si habari zake. Mama asilazimishwe kusema neno asiloamini. Na wakikataa wote, na pumzi inafupika, mpe mama mkate wewe, mchana, mlango wazi, mumeo akiwa anajua, na lolote litakalofuata mlibebe wawili. Mimi si mchungaji, na wako watakaoniandikia kwa hasira. Waandike.

Huo ndio ulikuwa ushauri wangu. Jana umenipigia, na umeniruhusu niwaambie wasomaji kilichotokea.

Mumeo alisimama barazani. Alisema, "Nimebeba mkate nyumba nyingi nikapita mlango wa mama yangu, na leo nashindwa kuendelea." Wazee hawakukubaliana, wawili walitoka nje na hawajarudi kuzungumza naye mpaka sasa. Mchungaji alisema hatatengua uamuzi wa baraza kabla hajamsikia anayeamuliwa, akaja nyumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuuliza habari za kosa. Alisema, "Mama, niambie mwanao alikuwa mtu gani." Mama akasimulia kwa muda mrefu, kuhusu mikono iliyonuka mafuta ya gari na jinsi alivyokuwa akiimba ovyo. Mchungaji akauliza kama kuna jambo analotaka kutubu. Mama akasema yapo, akayataja, moja likiwa kwamba aliwachukia wale wazee kwa miaka mingi. Mume wako alikuwa amesimama mlangoni na sinia, na mchungaji akamwambia, "Mzee, mpe mama yako."

Alipokwisha kula, mama alishika mkono wa mchungaji, akasema ana ombi dogo. Siku ile makaburini hakuimaliza sala, kilio kilimkata katikati, na kila akilala huwaza kwamba mwanawe alizikwa na nusu ya sala.

Asubuhi iliyofuata mchungaji na mumeo walikwenda kaburini na wazee watatu wa kanisa, nawe ukafuatana nao. Mama alikuwa amewaambia maneno ya mwisho ya sala ile aliyoyakumbuka. Mchungaji alianzia hapo.