Mke mkubwa kwenye orodha ya watoto

Doto mbona hupokei simu? Mwenzio nataka kuzimia. Leonidas ametuaibisha msibani huku Kasekese, mbele ya kaburi la baba yake!

Si unajua mume wangu na ile programu yake ya kupanga mambo kwenye simu? Wasifu wa marehemu kauandika humo: jina la kila mke, na chini yake watoto wake. Anasoma huku analia, kumbe kidole kimeburuta jina la mke mkubwa mpaka chini ya mke mdogo.

Akasoma kwa sauti: "Watoto wa Joséline ni Leonidas, Arcade na Épiphanie."

ÉPIPHANIE, mke mkubwa, Doto! Mama wa miaka sabini, mwenye ndoa ya kanisani! Na Joséline, mke mdogo, ndiye kamzaa Leonidas. Nani ataamini ni kidole?

Mama mkubwa kanyanyuka kwenye mkeka wa wajane, kajifunga kitenge vizuri, kaenda kukaa na watoto wa marehemu.

Leonidas kampigia magoti. "Mama, ni simu."

Sasa hivi yuko nyuma ya nyumba, analivuta lile jina. Limesharudi juu. Mama bado amekaa na watoto.