Filimbi Moja Ndefu

Galeshewe, Kimberley
18 Februari 1996

Kwako dada Mosetsanagape,

Nakuamkia kwa heshima. Natumaini mgongo umepoa tangu hao waajiri wako wanunue mashine ya kufulia. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, yakishapata jua yanatulia. Mwanao Onalenna anakula na anarefuka. Ile sketi ya Krismasi imeshapanda juu ya magoti.

Habari kubwa ni hii. Mwalimu mkuu amenipa kikosi cha gwaride cha wasichana. Unakumbuka tulivyokuwa tukiwachungulia wale wasichana wa Kizungu kwenye uzio wa shule yao, na buti zao nyeupe na ngoma, halafu tunarudi nyumbani kuigiza kwa mifagio? Wewe ndiye ulikuwa kiongozi. Sasa tumekubaliwa kwenye mashindano yao, shule ya kwanza ya huku kwetu. Na anayeshika fimbo ya uongozi, ile yenye kirungu cha fedha juu, ni Onalenna. Si upendeleo, dada. Niliwaita walimu wawili wengine wachague, mimi nikakaa pembeni.

Wasichana nawaweza. Wazazi ndio wananimaliza. MmaTebogo, mama wa yule Tebogo wangu wa safu ya nyuma, anakuja mazoezini na kiti chake mwenyewe. Jana kaniuliza mbele ya kila mtu, "Mwalimu, mwanangu umemweka nyuma kama tela?" Rra Moeng, baba wa msichana mwingine, anasimama kwenye kona akipiga kelele, "Tabasamu! Meno, mwanangu, meno!" mpaka mtoto anakosea hatua. Nawaambia waamuzi wanakata alama mzazi akitoa maelekezo, wananiitikia, "Ndiyo, Mwalimu," halafu wanaendelea.

Kikosi kinafuata filimbi ya Onalenna. Mbili fupi, wanaanza. Moja ndefu, wanasimama papo hapo kama waliogandishwa. Nimewafundisha hivyo mpaka nikiwapulizia wakiwa wanakunywa maji, wanaacha kumeza.

Mashindano ni tarehe 18 Mei. Omba ruhusa mapema. Mtoto hajakuona tangu Krismasi.

Mdogo wako,
Galaletsang


Johannesburg
10 Machi 1996

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako, na nashukuru kwamba mama na mtoto hawajambo. Mgongo bado upo nami. Mashine inafua, lakini haipandi ngazi kwenda kuanika.

Mwanangu kiongozi! Nimeisoma barua yako jikoni, nikacheza na fagio kama zamani, mama mwenye nyumba akaingia akauliza kama nimeungua. Nimemwambia siku hiyo hata nyumba ikiwaka moto mimi nitakuwa Kimberley. Kacheka, kakubali.

Hao wazazi wako wavumilie. Wewe unamwona Onalenna akilala, akiamka, akigoma kula uji. Mimi namwona Krismasi, na siku kama hizo. Usiniambie niende kushangilia kwa mkono mmoja kama Wazungu kwenye mchezo wa tenisi. Nimenunua kitu pale kituo cha mabasi, kwa kijana anayeuzia mashabiki wa mpira. Sikuambii ni nini. Utakisikia.

Mbusu mtoto. Mwambie akirusha fimbo, aitafute sura yangu kwanza.

Dada yako,
Mosetsanagape


Galeshewe
20 Mei 1996

Dada,

Natumaini ulifika salama, maana uliondoka bila kuaga. Mama hajambo. Mtoto yupo chumbani, na hataki kutoka.

Ulikuwepo, lakini hukuona nilichokiona mimi niliyekuwa chini, karibu na waamuzi. Acha nikueleze kwa utaratibu, kwa sababu tangu Jumamosi nazunguka nyumba hii na siwezi kukaa.

Waliingia vizuri. Hata Tshegofatso, yule mdogo asiyejua kushoto na kulia, alikuwa sawa. Walipofika mbele ya jukwaa, Onalenna akaitazama sura yako, akarusha fimbo. Ilikuwa angani, dada, inazunguka, inang'aa. Ndipo ulipopuliza filimbi yako ya mpira. Moja. Ndefu.

Wakasimama wote. Niliwafundisha mwenyewe, wakatii. Aliyebaki akitembea ni Onalenna peke yake, akageuka nyuma kuona kikosi chake kimeenda wapi, na fimbo ikaanguka kwenye lami. Ile sauti bado naisikia.

Ungeishia hapo tungejikusanya. Lakini wewe ukaruka kizuizi, ukavua kitambaa cha kichwa ukaanza kumfagilia njia kwa vigelegele kama bi harusi, ukimwita kwa jina la tandala, mnyama wa ukoo wetu, "Tholo! Tholo wangu!" MmaTebogo alipokuona na yeye akaruka. Wakafuata wengine. Mwalimu wa shule ya jirani aliniinamia akasema kwa adabu, "Watu wenu wana furaha sana." Tumekuwa wa mwisho.

Nilikuambia utoke nje, mbele za watu. Sirudishi neno langu. Mashindano mengine ni tarehe 31 Agosti, na nakuomba usije.

Jambo jingine: wizara ya elimu ina nafasi ofisini hapa mjini, na nimeomba. Nimechoka. Kufundisha watoto naweza, kufundisha na wazazi wao siwezi.

Galaletsang


Galeshewe
16 Juni 1996

Dada mpendwa,

Hujambo? Kimya chako kimekuwa kirefu. Mama ameuliza mara mbili kama kuna barua, nikamwambia posta inachelewa.

Nimewapiga marufuku wazazi wote mazoezini. Geti linafungwa. MmaTebogo anakaa na kiti chake nje ya geti, ametupa mgongo. Kuna utulivu, na wasichana wanatembea kama saa.

Lakini niseme ukweli wangu. Hakuna anayecheka. Onalenna anaangusha fimbo kila siku. Akifika pale pa kurusha anatazama juu, kwenye ngazi tupu za kukaa watazamaji, mkono unachelewa. Namwuliza, "Unatafuta nini?" Ananijibu, "Hakuna kitu, Mama Mdogo."

Tafadhali andika, hata mistari miwili.

Mdogo wako,
Galaletsang


Johannesburg
7 Julai 1996

Kwa Galaletsang,

Mimi mzima. Posta haikuchelewa.

Nilikaa kwenye basi kutoka Kimberley mpaka hapa na ile filimbi mkononi, sikujua nimekosa nini. Ulisema kikosi kinafuata filimbi, ndiyo, ulisema kwenye barua. Nilisoma "mwanao anashika fimbo", mengine macho yangu hayakuyashika. Ningekuwa naishi hapo kama MmaTebogo ningepiga kelele kidogo kila jioni, sauti ingekuwa imeisha kufikia siku yenyewe. Mimi kelele zangu za mwaka mzima zina siku moja ya kutokea.

Lakini umesema nitoke, nimetoka. Agosti siji. Nikija siku nyingine yoyote nitakaa kimya. Hujawahi kunisikia nikinyamaza, utazoea.

Nimemtumia mtoto soksi nyeupe. Mwambie mama nitampigia kwa jirani Jumapili.

Mosetsanagape


Galeshewe
11 Agosti 1996

Dada yangu,

Nakuamkia tena, na natumaini baridi ya huko imepungua. Huku maji ya bomba yanaganda asubuhi. Mama anakaa jikoni muda wote na magwinya yake, yale maandazi ya mafuta. Amenenepa, lakini usimwambie.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka. Ilinikera. Nikaiweka, nikaichukua tena. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasimamia mazoezi, nikawaona wasichana wanavyogeuka kwa ukamilifu na nyuso za watu waliopanga foleni kliniki. Nikasimamisha mazoezi. Nikaenda kufungua geti. MmaTebogo hakugeuka. Nikamwambia, "Mma, ingia. Na kesho walete wenzako wote, kila mtu na filimbi yake."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mwalimu, leo unaumwa?"

Nimeiondoa filimbi, dada. Sasa wanaanza na kusimama kwa ngoma kubwa na kwa fimbo ya Onalenna ikiinuliwa wima. Siku ya kwanza wazazi walipopuliza, kikosi kiligawanyika vipande, wengine wamesimama, wengine wanagongana. Niliwaona wazazi wanaona haya. Nikawaambia, "Msiache! Zaidi!" Rra Moeng alileta kengele ya baiskeli. Siku ya nne waligonganisha masufuria. Kufikia Ijumaa hakuna mguu uliosita. Na Tshegofatso! Amefunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha kushoto, ndani ya soksi, na jana kwa mara ya kwanza aligeuka kabla ya mwenzake. Alinitazama kama amegundua moto. Nilijifanya nafunga kiatu.

Wizara wamenikubali. Wanataka jibu tarehe 2 Septemba. Meza, simu, na hakuna mzazi hata mmoja. Usiku nasema ndiyo, asubuhi nikisikia ngoma nasema hapana. Sijui.

Ninalolijua ni hili: Onalenna bado anachelewa pale pa kurusha. Makelele yote yale, na bado anatafuta mtu mmoja. Nilikosea kukuambia usije. Njoo tarehe 31. Njoo na filimbi.

Mdogo wako,
Galaletsang


Johannesburg
3 Septemba 1996

Mdogo wangu Galaletsang,

Salamu za upendo kwako, kwa mama na magwinya yake, na kwa mwanangu. Mimi mzima, nimechoka kwa basi tu.

Sikukujibu kwa sababu sikujua kama nitakuja. Mama mwenye nyumba alikuwa na wageni. Halafu Ijumaa nikaacha sahani kwenye sinki nikaondoka. Jumatatu tumezungumza, yamekwisha.

Nilikuja, Gala. Sikukaa jukwaani. Nilisimama kwenye uzio, upande wa vyoo, palepale ambapo watoto wa huko kwetu wangesimama zamani. Nilishakuambia nitanyamaza, nikajiapiza nitanyamaza kweli. Nilikiuma kitambaa changu cha kichwa. Wazazi wako walikuwa wameanza, Rra Moeng na kengele yake, MmaTebogo juu ya kiti, na wale Wazungu pembeni wameziba masikio huku wanacheka. Wasichana wanapita tu kama vile ni mvua.

Akafika mbele ya jukwaa. Akainua fimbo. Na hakurusha. Nilimwona anapekua zile sura, ngazi ya kwanza, ya pili, mpaka juu kabisa. Ngoma inapiga, kikosi kinakanyaga palepale kinamsubiri. Mwamuzi mmoja alishika kalamu. Nikawaza, akikosa leo, ni mimi tena. Nikipuliza wakasimama, ni mimi tena vilevile.

Filimbi ilikuwa kifuani. Nikakitema kitambaa.

Nisamehe kwamba sikusubiri matokeo. Basi lilikuwa linaondoka, na nilitaka kulia njiani, si hapo. Niandikie mlikuwa wa ngapi, ingawa hata mkiwa wa mwisho mimi sijali. MmaTebogo nilikutana naye getini, ananiambia umewatangazia wazazi mazoezi ni Jumatatu kama kawaida, na kila mtu aje na chombo chake. Basi hao wa wizara watafute mtu mwingine wa kukaa kwenye meza yao.

Hukuniona, ndiyo maana nakuambia. Nilipuliza moja, ndefu, mpaka pumzi ikaisha, na nikafumba macho kwa woga. Nikasikia miguu. Haikusimama, mdogo wangu. Ilikuwa inaendelea, kushoto, kulia, kushoto, yote pamoja. Nilipofungua macho fimbo ilikuwa inashuka, na mwanangu ameshaunyoosha mkono.

Dada yako,
Mosetsanagape